Kwa Malipo au Bila Malipo

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni,
Mwalimu Bisimwa huingia kwa mlango wa nyuma,
hupita kati ya magauni ya arusi ya watu wengine
na kuketi kwenye kigoda, kando ya cherehani.
Duka la mama liko Kayole, ghorofa ya chini:
juu yetu kanisa, ubavuni mchinja kuku.

Ananifundisha Kifaransa cha dirishani,
kile cha kuulizwa na mtu aliye nyuma ya kioo.
Nani atakulipia karo? Mjomba.
Utalala wapi? Bwenini.
Utarudi?
Hapo hunisimamisha. "Usijibu haraka, Ndanu.
Anayejibu haraka amekariri.
Wala usikawie.
Anayekawia anawaza."
Majuma matatu tulitafuta
mwendo wa neno ndiyo.

Yeye ana pasi ya mwanafunzi,
ya chuo kilichofungwa kabla ya muhula wake wa pili.
"Ruhusa ya kujifunza anayo, ya kufundisha hana,"
mama alisema, akikata uzi kwa meno,
"kana kwamba mtu hukatwa katikati kama kitenge."
Kibali cha kazi kina bei. Alinitajia mara moja,
kwa Kifaransa, kama zoezi la tarakimu.
Nikaandika, nikapunguza sufuri moja.
Akacheka: "Ingekuwa hiyo, mtoto,
ningekuwa nimeshakilipia."

Mama hamlipi. Tuseme hamlipi.
Kuna bakuli la maharagwe, kuna chapati mbili kwenye gazeti,
kuna elfu moja inayosahauliwa chini ya mkasi
na mtu mmoja tu ndiye huiona.

Alhamisi moja wakaja wawili, viatu vinang'aa,
mmoja na faili. Mlango kwa mlango, walisema, ukaguzi wa kawaida.
Daftari langu lilikuwa wazi
penye nitarudi, utarudi, atarudi.
Mama hakushtuka. Alivuta futi shingoni,
akamwambia mwalimu, "Simama wima, baba. Mikono juu."
Naye akainua mikono, kwa fundi, si kwa askari,
ingawa kutoka mlangoni ni kitu kimoja.
"Kiuno thelathini na moja. Andika, Ndanu."
Nikaandika, chini ya vitenzi.
"Mguu, arobaini na mbili."
Mwenye faili akauliza, "Na huyu ni nani?"
"Suruali," mama akajibu. "Ya Jumamosi."
Mwalimu hakufungua kinywa.
Kiswahili chake cha Bukavu kingemtaja kwao:
pamoja yake ni pamoya,
na hilo Kayole nzima inalijua.

Walipoondoka, mama aliketi kimya,
kisha akasema, kama aliyeibiwa,
"Sasa itabidi niishone."

Viza yangu ilitoka mwezi wa nane.
Pesa za chama, zilizolala miezi sita katika akaunti yangu
ili nionekane mtoto wa watu,
ziliamka zikarudi kwa wenyewe.
Nikaipeleka pasipoti dukani, Jumanne, kwa mazoea.
Mwalimu alivaa miwani, akapita jina,
akapita uso wangu uliofanana na mtu anayetaka kupiga chafya,
akafika kwenye mstari mdogo wa chini.
Akanipa nisome mimi.
Mwenye hati hii haruhusiwi kufanya kazi,
kwa malipo au bila malipo.
Tukatazamana.
"Neno la mwisho umelimeza," akasema. "Tena."
Nikarudia. "Tena."
Nikarudia hadi likakaa mdomoni mwangu
kama lilivyokaa mwake.

Alipoinuka kwenda nikaiona ile suruali:
mguu wa kushoto umepungua kidole kizima,
maana siku ile mkono wa mama ulitetemeka.
Mara tatu mama amemwambia ailete airekebishe.
Mara tatu amekataa.
Akapita kati ya magauni, akatoka kwa nyuma,
soksi moja ikionekana kuliko nyingine.